Vidole Viwili vya Kivuli

Mtu aliyezaliwa Runyenjes, kule Embu, hahitaji dira. Ukitoka nje asubuhi, mlima uko pale upande wa juu, na upande wa juu kwetu ndiyo kaskazini, mambo yameisha. Nyanya yangu alikuwa Mkristo wa kuimba mpaka misumari ya kanisa inalegea, lakini msimu wa kupanda ukifika alisimama kwanza ukingoni mwa shamba, akautazama mlima kimya, halafu ndipo akainama kuchimba shimo la kwanza. Hakueleza, na sisi hatukuuliza. Kwa hiyo kaskazini niliijua kwa mwili, kama mtu anavyoujua mkono wake wa kulia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukiuzunguka mlima ukatokea upande wa pili, kaskazini haikufuati.

Nilitokea upande huo wa pili mwezi wa Julai, nikiwa na mfuko wa vifaa na kazi ya kwanza katika maisha yangu ambayo mimi ndiye fundi mkuu. Miaka yote ya nyuma nilikuwa mtu wa kushika ncha ya pili ya kamba. Fundi wangu wa zamani alishika ncha ya kwanza, akafunga jicho moja, akasema kushoto, mimi nikaenda kushoto. Kisha nikasoma shule ya jioni, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu, nikapata cheti cha kidato cha nne na C ya hesabu. Nilipoondoka Runyenjes ilikuwa C. Nilipopita Chuka ilikuwa imeshakuwa B, na kufika Meru, mwenye kazi aliamini kwamba chuo kikuu kilinikosa kwa bahati mbaya tu.

Mwenye kazi alikuwa mjane wa mchinjaji, mama wa Kiislamu ambaye babu yake aliingia Meru zamani akifuata ng'ombe na hakuondoka tena. Sokoni kila mtu alimwita Mama, hata wazee waliomzidi umri. Bucha lake lilikuwa karibu na soko la Gakoromone, na nyuma ya bucha kulikuwa na kipande cha uwanja kilichobaki na nyasi na mifupa. Hapo alitaka chumba kimoja cha kuswalia, cha wanawake wa sokoni. Aliniambia siku ya kwanza, akinimiminia chai ya tangawizi, kwamba ameswali nyuma ya friji la nyama tangu akiwa na meno yote, na kabla hajafa anataka kusujudu mahali ambapo friji halingurumi sikioni mwake.

"Ukuta ukipinda nitavumilia," alisema. "Bati likivuja nitaweka karai. Lakini kibla, fundi, kibla kikikosewa sina chumba. Nina stoo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi na pembe ni mtu na ndugu yake. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza, kwa sababu sikujua kibla ni upande gani.

Maalim, yule anayefundisha watoto wa madrasa mtaani, alikuwa amesafiri Isiolo kwa msiba. Nilimpigia simu. Akaniambia kwa sauti iliyokatika-katika kwamba kutoka Meru, Makka iko kaskazini, kisha unasogea kidogo kuelekea mashariki, kama digrii tano na nusu. Nikasema asante, hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Sasa wewe unayejua Meru mwezi wa Julai unajua kilichofuata. Siku nne sikuona jua. Ukungu ulilala juu ya soko kama blanketi la mgonjwa, na wauza kabichi walikuwa wanaulizana bei bila kuonana nyuso. Siku ya nne jioni upepo ukapasua pazia kidogo, na mlima ukatokea, wote, mpaka theluji. Moyo wangu uliruka. Nikajisemea kaskazini ile pale, nikapiga vigingi mbio mbio kabla haijafunikwa, nikavuta kamba na kuondoka nikipiga mluzi.

Asubuhi Mama alikuja na birika, akasimama kwenye kamba yangu muda mrefu. Jicho lake moja lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, bado anavaa miwani nyeusi. Hata hivyo aliona.

"Fundi," akasema polepole, "huku tunamwelekea nani?"

Niliyefanya naye kazi, mzee mmoja wa Maua aliyepanda miti ya miraa mpaka magoti yalipokataa, sasa akichanganya simiti na kutafuna majani yake kwa kumbukumbu ya kazi ile, alikuja akatazama. Alicheka mpaka akashikilia beleshi asianguke. Akauliza kama nimekuja kutoka Embu, nikasema ndiyo. Akawageukia wachinjaji waliokuwa wamesimama mlangoni na kuwatangazia kwamba Mwembu amewawekea kibla Kirimaara.

Hilo ndilo jina la Wameru la mlima. Na kutoka Meru mjini, mlima uko upande wa machweo. Nilikuwa nimewaelekeza wanawake wa Gakoromone kuswali kwa theluji ya nyanya yangu.

Walicheka siku nzima, na mimi nilicheka nao kwa sauti kuliko wote. Lakini Mama hakucheka. Aliniambia kwa upole, upole ule unaoumiza kuliko makofi, kwamba mjini kuna fundi aliyejenga msikiti mwingine, na kama mimi nimechoka, yeye hatakasirika. Nikaona ncha ya pili ya kamba inarudi mkononi mwangu. Nikamwambia anipe nafasi moja tu. Nitapima upya, si kwa macho. Kwa elimu.

Elimu yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya jioni, mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa koti moja na chaki mfukoni. Darasa letu lilikuwa na mwendesha boda boda, wauza mboga wawili, askari wa mlangoni na mimi, na sote tuliichukia aljebra kama deni la marehemu. Basi jioni moja akaacha kufundisha akaanza kutusimulia. Akasema neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, ndiyo maana zamani hata waganga wa mifupa waliitwa kwa neno lilo hilo. Akasema mwanahesabu mmoja wa Baghdad aliandika kitabu kizima ili watu wagawane urithi bila kupigana, wapime mashamba, wachimbe mifereji. Akatuuliza tunaiitaje namba isiyo na kitu. Tukasema sifuri. Akasema basi mmekuwa mkisema Kiarabu tangu utotoni na hamkulipia karo.

Mwendesha boda boda akauliza kwa nini mzee wa kanisa anatufundisha mambo ya Waislamu. Mwalimu alifuta ubao kwanza. Kisha akajibu, "Hesabu haina dini, lakini ina wazazi. Na mtoto anayewakana wazazi hafiki mbali."

Jumamosi moja akatutoa uwanjani kutuonyesha jinsi wanafalaki wa zamani walivyopata kaskazini bila dira. Unasimamisha fimbo wima kabisa. Unachora duara kuizunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya duara. Jua likipanda kinafupika, mpaka ncha yake inagusa mstari. Unaweka alama. Baada ya adhuhuri kivuli kinarefuka tena upande wa pili, kinagusa mstari tena. Unaweka alama ya pili. Unganisha alama mbili, umepata mashariki na magharibi. Kata pembe mraba, umepata kaskazini. Walilipokea jambo hilo kutoka India, akasema, wakalinoa mpaka likakata. Na akaonya tuchore maduara manne au matano, moja ndani ya jingine, kwa sababu hata Baghdad kuna mawingu.

Mimi ndiye niliyepewa kulinda alama ya mchana siku hiyo. Nilipitiwa na usingizi chini ya ukuta wa choo. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimeshapita, nikaweka jiwe pale nilipodhani, na kwa bahati ya ajabu mwalimu alipopima alisifu sana. Bahati ile ndiyo iliyoniharibu.

Basi siku moja baada ya aibu ya mlima, Mungu akanipa jua Meru. Nikasimamisha mpini wa beleshi, nikaupima wima wake kwa timazi kila upande, nikachora duara kwa kamba. Duara moja. Nilikumbuka vizuri maneno ya mwalimu, lakini wachinjaji walikuwa wanatazama, na mtu anayechora maduara matano anaonekana kama mtu asiyejiamini. Saa nne asubuhi ncha ikagusa, nikapiga msumari. Nilitembea pale uwanjani kama mkuu wa wilaya.

Saa tisa ikakaribia. Mama alikuwa ameingia buchani kwa wateja wa jioni, mzee wa Maua ameenda kutafuta chai. Kivuli kilikuwa kimebakisha upana wa kiganja kufika kwenye mstari. Nilikuwa nimechuchumaa na msumari kwenye meno. Ndipo wingu likaja kutoka mlimani, moja tu, kubwa, kama mtu aliyetumwa. Kivuli kikafifia, kikaisha. Nikangoja. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, na lile wingu likaita jamaa zake wote, na ikawa saa kumi na matone yakaanza.

Niliutazama mduara mtupu. Kisha nikaweka msumari pale nilipodhani.

Mzee wa Maua aliporudi na chai, nikamwambia tayari. Mama alipotoka akiuliza, nikamwambia nimeipata mpaka unywele. Unywele wa mtoto mchanga, nikaongeza, maana mdomo wangu ukishaanza hauna breki. Nikakata pembe mraba kwa kamba iliyopimwa hatua tatu, nne na tano, nikasogeza zile digrii za Maalim kuelekea mashariki, na kesho yake tukaanza kuchimba mitaro ya msingi. Mzee alikuwa anachimba akiimba. Mimi nilichimba nikihesabu makosa. Kwenye kibanda cha jirani kulikuwa na mukimo mzuri, ambao siku za kawaida namaliza sahani tatu na kuitazama ya nne, lakini wiki ile nilirudisha sahani ya kwanza ikiwa nusu.

Nilijaribu kujituliza kwamba nitapima tena jua likitoka. Halikutoka. Mitaro ikaisha, lori la mawe likaagizwa, na ukungu ulikuwa pale pale.

Kisha wakaja wenye simu. Wachinjaji watatu, kila mmoja na yake, kila moja na mshale wa kibla kwenye kioo. Walisimama juu ya mtaro wangu wakizunguka taratibu kama watu wanaotafuta mtandao. Simu ya kwanza ilielekeza Isiolo. Ya pili ilielekeza Maua, na mzee akasema hiyo ina akili. Ya tatu iliwaelekeza wote kwenye bucha la mshindani wa Mama, ng'ambo ya barabara. Nikawaambia wasogee mbali na vyuma vya ujenzi, vyuma vinaichanganya dira, na kweli waliposogea mishale ilibadilika, ila bado haikukubaliana. Wakaniangalia kwa heshima kidogo. Lakini mmoja wao, kijeba mwenye aproni yenye damu, alisema maneno yaliyonitoa jasho kwenye baridi ile. Alisema hawezi kujua nani mkweli, simu au fundi, lakini simu haijawahi kuelekea Kirimaara.

Mama alisema tumngoje Maalim.

Maalim alirudi kesho yake, mtu mwembamba, mpole, ana kikohozi na kalamu tatu mfukoni. Alizitazama simu, akazirudisha. Akaitazama mitaro. Akauliza nilipimaje, nikamweleza fimbo na duara, na uso wake ukafunguka kabisa. Hakutegemea kuisikia hiyo kutoka kwa fundi wa Embu. Tukaketi juu ya mifuko ya simiti, akanisimulia mambo ambayo siku nyingine yoyote yangenifurahisha mpaka nisahau chakula.

Alisema kibla ndicho kilichowasukuma wazee wale kuipima dunia. Mtu akiswali mbali na Makka, mahali popote, lazima ajue yuko wapi na Makka iko wapi, na hilo si swali la kukisia. Wakatengeneza majedwali, mji kwa mji. Wakangoja mwezi upatwe, watu wawili katika miji miwili waandike saa, wapate tofauti kati ya miji hiyo. Mmoja wao alipanda mlima na chombo cha kupimia pembe, akatazama jinsi upeo wa macho unavyozama chini, na kutoka hapo akapiga hesabu ya ukubwa wa dunia nzima, akakaribia sana. Nikawaza, mwenzangu aliutumia mlima akaipata dunia. Mimi niliutumia mlima nikaupoteza uwanja wa Mama.

Akamgeukia Mama na kumwambia kuwa hata jicho lake lina historia humo, kwamba tabibu mmoja wa zama hizo aliunda sindano yenye tundu ya kunyonyea mtoto wa jicho. Mama akasema angeletewa sindano hiyo yeye angekimbia kwa miguu mpaka Moyale, na bendeji angejifunga njiani.

Sote tulicheka. Halafu Maalim akasema kuna njia ya kumaliza ubishi, nayo haihitaji simu wala fimbo yangu. Wanafalaki wa kale waliandika kwamba mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua husimama utosini mwa Kaaba. Dakika hiyo, yeyote duniani anayeliona jua analiangalia lile lile lililo juu ya Makka. Kivuli chako kinaonyesha kinyume, wewe geuka ukiache nyuma, umeelekea kibla. Zamani tabu ilikuwa kujua ni saa ngapi huko. Sisi bahati yetu saa ya Meru na ya Makka ni moja. Siku zenyewe ni mbili mfululizo, na ya kwanza ilikuwa kesho kutwa. Saa sita na dakika ishirini na saba mchana.

"Jua lenyewe litatuambia," alisema.

Nilijibu kwamba hilo ni jambo zuri sana.

Siku mbili zile sijui nizielezeje. Nilikuwa naomba jua litoke, maana lori la mawe lilikuwa linakuja jioni ya siku hiyo na Mama alisema halitateremshwa bila jibu. Na nilikuwa naomba jua lisitoke. Niliomba yote mawili kwa pumzi moja, mpaka nadhani kule juu waliweka faili langu pembeni. Nilimuuliza Maalim kwa ujanja, kama mtu anayependa elimu tu, je, kibla kikiwa kimekosewa kidogo sana? Akasema kwa aliye mbali na Makka, kuelekea upande wake kunatosha. Dini si kamba ya fundi. Nikapumua. Kisha akaendelea, akikohoa, kwamba hiyo ni rehema ya mtu aliyejitahidi. Aliyejitahidi akakosea, hana lawama. Aliyekisia akasema amejitahidi, huyo shauri lake ni jingine.

Pumzi ilirudi ndani.

Siku ikafika na ukungu mzito kuliko zote. Saa tano na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Wachinjaji, wauza vitunguu, yule wa aproni, wanawake wa sokoni waliojitanda leso zao mabegani kwa baridi. Tulifunga timazi kwenye boriti iliyolala juu ya ngazi mbili, ili uzi uning'inie wima juu ya udongo niliousawazisha, karibu na kamba yangu. Kivuli cha uzi ndicho kingesema. Lakini kivuli kilikuwa wapi? Udongo wote ulikuwa rangi moja, rangi ya majivu. Maalim alishika simu yake akisoma dakika.

Saa sita na dakika kumi. Mama aliomba kiti, akakaa kando yangu, miwani yake nyeusi ikitazama mbele. Mimi nilikuwa nashika timazi isitikisike, na timazi ilikuwa inatikisika.

"Mkono una nini?" akauliza.

Nikasema baridi.

Kisha akainama kama mtu anayerekebisha kiatu, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi tu, "Mimi nimeuza nyama miaka mingi, baba. Mtu akiniambia mizani yake haikosei hata unywele, naitazama mizani. Siku ile ya duara ilinyesha. Nilikuwa dirishani."

Nilikaza uzi uliokuwa umeshakazwa.

"Niambie kabla jua halijasema," akasema.

Nilitaka kumweleza habari za wingu, habari za wachinjaji waliokuwa wakitazama, habari za kamba na ile ncha ya pili. Nilisema tu, "Alama ya asubuhi nilipima, Mama. Ya mchana nilikisia."

"Na ulichora duara moja tu."

"Moja tu."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuinuka, hakuita mtu. Alibaki pale kwenye kiti, mikono juu ya magoti, nami nikabaki na timazi, na timazi ikatulia. Nilijua sasa kazi si yangu tena. Ilikuwa yake kuninyang'anya au kuniachia.

Dakika ya ishirini. Ya ishirini na tatu. Yule wa aproni akasema huko Makka jua linawaka na sisi tuko kwenye friji. Ya ishirini na tano. Mzee wa Maua alitema majani yake chini, jambo ambalo sijamwona akifanya kabla wala baada ya hapo, akatazama juu.

Halikutoka jua la maana. Ukungu ulipungua tu mahali pamoja, ukawa mweupe, kisha njano, kama kitambaa kilichooshwa mara nyingi, na nyuma yake duara la jua likaonekana bila miali. Juu ya udongo kitu chembamba kikatokea, hafifu kama mstari wa penseli uliofutwa. Maalim alipiga magoti. Sikumwona hata akitoa kipande cha makaa mfukoni. Niliona tu mkono wake ukipita juu ya kivuli, kuanzia chini ya uzi hadi mwisho. Akasema bismillahi, ishirini na saba, akainua mkono. Tukahesabu pumzi kama tano hivi, na ukungu ukafunga.

Mstari wa makaa ulikuwa pale. Kamba yangu ilikuwa pale. Hazikukubaliana.

Mwanzoni zilianza pamoja. Kufikia mwisho wa kivuli, ambacho hakikuzidi urefu wa mkono wangu na kiganja, zilikuwa zimeachana. Maalim aliweka vidole vyake katikati. Vidole viwili. Vidole viwili hapo, na mwisho wa ukuta wa mita sita vinakuwa shibiri nzima na zaidi. Nilipiga hesabu kichwani bila kutaka, na kila nilipomaliza nilianza upya nikitumaini jibu lingine.

Maalim, kwa huruma yake, akaanza kusema kwamba tofauti hiyo ni ndogo, haiharibu sala, na fundi amejitahidi. Alipofika kwenye neno hilo alinitazama, na mimi nikatazama chini. Nilifungua mdomo niseme mbele ya watu wote.

Mama alinitangulia. Alikuwa amesimama kando ya mtaro, anaupima kwa mguu wake, kisigino kwa kidole.

"Fundi, ukuta wako unene wake nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Kama shibiri moja.

"Na mtaro upana wake?"

Shibiri tatu, nikasema, na nilipolisikia neno likitoka kinywani mwangu ndipo nilipoelewa anakwenda wapi. Ukuta mwembamba ndani ya mtaro mpana. Ukiugeuza kutoka katikati, ncha moja huku na nyingine kule, nafasi ilitosha. Ilitosha kwa kubanana, lakini ilitosha.

"Sogeza kamba," akasema. "Fuata makaa. Na ushike ncha ya kwanza mwenyewe."

Mzee wa Maua alichukua ncha ya pili bila kuambiwa. Nilifunga jicho moja, nikasema kushoto, akaenda kushoto. Nikasema simama, kisha nikasema hapana, rudi kidogo, kisha nikasema hapana tena. Akaniuliza kama leo namtafuta Mungu au namtafuta nyoka. Mara ya tatu nikapiga kigingi. Nikapima pembe zote nne. Nikakatiza kamba kutoka pembe hadi pembe, urefu wa njia mbili ukalingana, nikapima tena kwa sababu sikuamini kwamba kitu changu kimelingana.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza mjini, wachinjaji wakaondoka kwenda msikitini. Mama hakwenda ndani nyuma ya friji. Alivuka mtaro akishika bega la mwanamke mmoja wa vitunguu, akatandika mkeka juu ya udongo, sambamba na kamba mpya, akaanza. Wanawake wanne wakajipanga nyuma yake. Mimi nilikuwa nje ya mtaro na nyundo mkononi, naogopa hata kuiweka chini isije ikagonga jiwe. Niliangalia miguu yao na kamba, miguu na kamba. Upande wa machweo, mahali ambapo mlima ulitakiwa kuwepo, kulikuwa na ukungu tu, na nilishukuru.

Jioni lori likateremsha mawe. Kesho yake ilikuwa siku ya pili na ya mwisho, jua lingepita tena pale pale juu ya Kaaba, hivyo nikafunga timazi tangu saa sita kamili nipate kuhakikisha. Nilishika uzi ule mpaka saa saba. Ukungu haukupasuka hata tundu la sindano, na makaa ya Maalim yalikuwa yameshakanyagwa. Kilichobaki ni kamba yangu na neno langu, na neno langu sote tulijua lina uzito gani.

Nililaza jiwe la kwanza saa nane. Mama alitoka buchani akifuta mikono, akachuchumaa, akalipapasa jiwe kuanzia pembe hadi pembe kama anayetafuta mfupa ndani ya nyama.

"Hili umepima?"

Nikasema nimepima mara tatu.

"Pima ya nne," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Mzee wa Maua alikuwa ameshaokota ncha ya pili.